Usijenge Kilwa mlangoni kwa binamu

Jumamosi iliyopita mpwa wangu aliniita nikae nyuma yake nimwangalie akicheza. Yuko kidato cha pili, Civilization VI, ile gemu ya kompyuta ya kujenga dola kwa zamu, ana wiki tatu nayo, na tayari ananifundisha mimi. Zamu ya 38, ana mji mmoja. Mmoja! Nikamuuliza walowezi wa kuanzisha miji mipya wako wapi. "Subiri mjomba, namalizia Stonehenge." Zamu nne baadaye ukaja ule ujumbe kwamba Stonehenge, ajabu la dunia ambalo anayewahi ndiye analipata, imeshajengwa na watu wa mbali asiowajua hata sura. Akabaki na mji wake, askari wake mmoja wa rungu, na mdomo wazi. Rafiki yake aliyekalia ndoo ya rangi akamliwaza: "Jaribu Pyramids."

Nikatoka nje nikanywa kahawa.

Wadogo zangu, sio kwamba nawaona wajinga. Kila kosa mnalofanya nimelifanya, tena kwa kiburi kuliko ninyi. Kinachonikera ni kuwaona mnalirudia lilelile, kwa mbwembwe zilezile, na mimi nipo hapahapa Mtwara nimekaa, hamniulizi. Basi nimeandika. Vitufe viko wapi sitaeleza, mnavijua.

1. Walowezi kwanza. Miji mitatu kabla hujafikiria ajabu lolote la dunia. Najua inauma: mji umefika watu wawili, umeanza kupendeza, unatoa mlowezi unarudi kwa mtu mmoja. Ni kama kupanda mikorosho. Jirani aliyelima ufuta kashauza, kashanunua bodaboda, wewe bado unapalilia miti isiyo na hata bibo moja. Vumilia. Kila mlowezi anayefuata ni ghali kuliko aliyetangulia, kwa hiyo anayechelewa analipia uchelewaji wake.

2. Yule skauti wa washenzi, wale wavamizi wasio na nchi, sio mtalii. Akishapata alama ya mshangao kichwani maana yake kauona mji wako, na sasa anakimbia kambini kupeleka habari. Asifike. Akifika, hesabu zamu chache tu utaona wageni, na hawaji kula ming'oko. Tengeneza wapiga teo wawili mapema. Mmoja akiua adui unapata na yureka ya upinde, yaani uvumbuzi wake unakuwa rahisi, umeua ndege wawili.

Halafu hilo neno "washenzi" tunalitumia kwa kucheka tu, lakini babu yangu mzaa mama, mtu wa pwani, ndivyo alivyokuwa akiwaita watu wa babu yangu mzaa baba, Mmakonde wa juu kule Newala. Mpaka wakaoana. Kwenye gemu hamna kitufe cha namna hiyo.

3. Maji. Mji kando ya mto au ziwa unaanza na nafasi ya makazi 5, wa pwani bila maji baridi 3, wa pakavu 2. Mtu wa Newala hahitaji kufundishwa hili, bibi zake walishuka bondeni na kupanda na ndoo kichwani maisha yao yote. Lakini ninyi wa mjini mnaopata bomba mnaweka mji jangwani kwa sababu kuna almasi, halafu mnaniuliza kwa nini haukui.

4. Kampasi, ile wilaya ya elimu, weka kando ya milima. Na wilaya yoyote ukishaifungulia kiwanja bei yake inagandia hapo, hata ukiimalizia baadaye sana, kwa hiyo weka kiwanja mapema.

5. Bidhaa moja ya anasa inatuliza miji minne. Ya pili ya aina ileile haikuongezei kitu kwako, iuze. Ukiukuta mji-dola wa Zanzibar, mji mmoja unaojitegemea, upelekee wajumbe kabla hujala: ukiwa ndiye mkubwa wake unapata karafuu na mdalasini, na hizo hutaziona zimeota popote kwenye ramani.

6. Uaminifu wa mji, yaani mji unavyokung'ang'ania wewe au unavyovutwa na jirani. Hapa kaeni vizuri.

Ilikuwa Ramadhani ya 2019. Nilikuwa na kibanda cha kutengeneza simu, na baada ya tarawehe tulikuwa tunashusha mlango nusu, tunacheza watatu kwenye laptopu moja kwa kupokezana kiti: mimi, binamu yangu mtoto wa shangazi, na shemeji, ambaye kila ikifika zamu yake alikuwa akisema "dakika moja tu" na kukaa robo saa akihamisha fundi mmoja. Gemu moja ilitumaliza mwezi mzima. Uniti za umeme wa LUKU tulichanga.

Tulikuwa tumeweka nyongeza ya Rise and Fall, ile ya 2018, iliyoleta magavana, uaminifu, Zama za Dhahabu na Zama za Giza. Ikaleta na maajabu mapya. Siku moja nafungua orodha, nakuta Taj Mahal, nakuta Statue of Liberty, nakuta Kilwa Kisiwani.

Mama yangu mtu wa Kilwa Masoko. Utotoni nimevuka kwa mashua mara nyingi kwenda kisiwani, nimekimbizana na wenzangu chini ya kuba za msikiti mkuu, nimekaa kwenye magofu ya Husuni Kubwa nikitupa mawe baharini. Mzee mmoja aliwahi kutuambia Ibn Battuta alifika hapo mwaka 1331, na mimi nikaenda nyumbani nikijua ni mwalimu wa madrasa aliyehamishwa, kumbe ni yule msafiri wa kale. Leo jina hilo liko kwenye kioo cha kompyuta, limechorwa, lina na maelezo. Nilimpigia mama simu saa tano usiku. Akauliza jambo moja tu: "Msikiti wameuweka?"

Nikaapa nitajenga Kilwa. Sikuapa kushinda, sikilizeni vizuri. Niliapa kujenga Kilwa.

Sasa, ajabu hilo linataka ardhi tambarare inayogusa pwani. Na pwani yangu mimi, kwa laana ya ramani ile, ilikuwa vilima kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Tambarare niliyoiona ilikuwa mbali, mwendo wa zamu kadhaa, mlangoni kabisa kwa binamu. Nikamtuma mlowezi. Nikafungua lenzi ya walowezi, ile inayokuonyesha mji ukikaa hapo utapoteza uaminifu kiasi gani kila zamu. Namba ilikuwa -11, nyekundu.

Na hapa ndipo pa kuungama. Wengi mkifanya kosa hili mnasema hamkuiona namba. Mimi niliiona. Niliisoma, nikatoa kalamu, nikaandika nyuma ya risiti ya kioo cha simu ya mteja: gavana ananipa 8, mnara unanipa 1, inabaki -2; mji unaanza na 100, basi nina zamu 50. Nani zamu 50 hazimtoshi? Ile risiti ninayo mpaka leo. Hesabu iko sahihi, hata mwalimu angenipa vema. Ila niliihesabu kana kwamba dunia itasimama inisubiri.

Nikaweka mji, nikauita Kilwa. Nikamng'oa gavana makao makuu nikampeleka kule. Nikapeleka mafundi, kila mmoja ana kazi tatu, na kazi zote tatu nikamkatisha misitu ili ujenzi uende haraka. Kampasi za miji mingine zikasimama. Wafanyabiashara wangu wote wakaelekea Kilwa. Shemeji, ambaye siku zote hana mchango, akasema, "Mbona nchi yako kama shamba la marehemu?" Nikamwambia amalize zamu yake.

Binamu hakusema kitu. Kila tukibadilishana kiti alikuwa akisema tu, "Kilwa inapendeza, kaka." Huyu ni mtu ambaye hajawahi kusifia hata chakula cha mkewe. Ningestuka.

Ajabu likakamilika siku mbili kabla ya Idi. Ile picha yake ikachezwa, majengo yanainuka moja moja, mimi nimesimama, nimewamiminia wote juisi ya ukwaju, nimempigia mama tena. Wajumbe watatu wa bure, miji-dola inanipenda. Nikakaa nikijisikia sultani.

Zamu chache mbele, zama zikageuka.

Nilikuwa nimesahau kabisa alama za zama, zile unazopata kwa matendo makubwa na zinazoamua zama zako zijazo. Sikuwa nimevumbua cha maana, sikuwa nimepigana, sikuwa nimezunguka dunia. Nilikuwa nimejenga Kilwa. Nikaanguka Zama za Giza. Binamu, ambaye muda wote ule alikuwa akifanya mambo madogo madogo ya kuchosha, akaingia Zama za Dhahabu. Mnajua maana yake: katika kuvutana uaminifu wa miji, wananchi wako wanavuta kwa nusu nguvu, wa mwenzako wanavuta mara moja na nusu. Nikafungua mji. Ile -2 yangu ya kwenye risiti ilikuwa -15. Na ile 100 ilikuwa imeshaliwa mpaka karibu na nusu, kwa sababu mbili mbili nazo ni deni, ingawa mtu hulihisi mwishoni tu.

Nilihangaika kama mtu anayekusanya korosho mvua imeshaanza. Gavana nilikuwa naye tayari hapo hapo, hakuna wa pili wa kuongeza. Nikajaribu kununua hiki na kile kwa dhahabu. Zamu ya tatu ilikuwa imebaki punje tu, zamu ya nne mji ukajitangaza huru, na askari wake wenyewe wakatokea barabarani wakamkamata fundi wangu. Baada ya muda ukajiunga na binamu, na ajabu lake, na misitu yangu niliyoifyeka, na jina nililoliandika kwa mkono wangu. Hakurusha mshale. Hakutangaza vita. Aligeuka kwenye kiti akaniambia: "Karibu Kilwa, kaka. Wageni kiingilio elfu kumi."

Ni miaka mingapi imepita, na kila harusi ya ukoo lazima anikaribishe Kilwa mbele za watu.

Usiku ule baba mkubwa alikuwepo kibandani, anasubiri simu yake ipate chaji. Ni mwalimu mstaafu, gemu hajui, lakini aliona nimenuna akauliza nimefiwa na nani. Nikamweleza: nimepeleka watu na mali mbali, mahali pazuri, nikasahau walioko nyuma wa kuwashikilia. Akacheka mpaka akakohoa. "Basi umelima karanga za Mwingereza."

Wengi wenu hamjui habari hiyo, na mnapita juu yake kila siku. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango wa kulima karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea hapa jirani, kwa matrekta, kwa mamilioni ya pauni, mpango umechorwa vizuri kwenye karatasi. Ardhi na mvua hazikuulizwa vya kutosha. Kwa ajili ya karanga hizo ikajengwa bandari yetu ya Mtwara yenye kina kirefu, ikatandikwa na reli kwenda Nachingwea. Mwaka 1951 mpango ukaachwa. Reli ikaja kung'olewa miaka ya 1960. Baba mkubwa alisema, "Na wao hesabu zao zilikuwa sahihi." Akachukua simu yake, asilimia 60, akaenda kulala.

Basi siku hizi kanuni yangu ni hii: namba nyekundu ikizidi kile gavana na mnara wanachoweza kuziba, siweki mji, hata pawe na nini. Ikiwa ni lazima, napeleka walowezi wawili au watatu pamoja wakae jirani, washikane.

7. Ngazi ya ugumu. Acheni kuanza na Deity, ngazi ngumu kuliko zote, ili mkaseme shuleni. Kule kompyuta inaanza na walowezi watatu, wewe mmoja, mbio zimeshaisha kabla ya filimbi. Chezeni Prince, hapo hakuna anayebebwa, mkifungwa mmefungwa kwa akili zenu.

8. Sevu kwa jina lenye maana. "aaa", "aaa2" na "mwishooo" hayakusaidii umeme ukikatika na wewe una hasira.

9. Ukuta jengeni kabla jirani hajawa rafiki sana. Nilitaka kueleza zaidi lakini mpwa wangu kaja kuchukua laptopu.

Amesoma hapo juu mpaka namba 6. Amecheka sana, hasa hapo pa risiti, akasema yeye hawezi kufanya ujinga wa aina hiyo. Tumeanzisha gemu mpya ya kupokezana kiti, mimi na yeye na yule wa ndoo. Mambo yamebadilika kweli: zamu ya 40, miji mitatu, Stonehenge hakuigusa. Ila jana usiku amepata ghuba nzuri kweli, samaki wawili, lulu, tambarare safi, karibu kabisa na makao yangu makuu. Nilikuwa nimekaa nyuma yake. Akafungua lenzi, nikaiona namba, -14, nyekundu kama ya kwangu. Akaiangalia kidogo, akahesabu kwa vidole, akaniambia, "Mjomba, hapa nitapaita Mikindani."

Nikamwambia panapendeza.