Nimewaambia wenzangu niko kwenye dozi: je, nimemkana Kristo?

SWALI: Shikamoo Padre. Nina miaka 22, naishi Newala, nimeshapata kipaimara. Niliazimia mbele za Mungu kuacha pombe, kwa sababu nikianza sijizuii. Sasa msimu wa korosho umefika, fedha za mnada zikiingia wenzangu wa kijiweni wananunua uraka, ile pombe ya mabibo. Nikikataa naambiwa najidai mlokole. Nimekuwa nikiwadanganya kwamba niko kwenye dozi ya malaria. Je, nimetenda dhambi? Na je, niachane nao kabisa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kanisa letu halifundishi kwamba kila anayeonja kileo ametenda dhambi. Bwana mwenyewe aligeuza maji kuwa divai kule Kana. Kinachokatazwa ni ulevi: “msilewe kwa mvinyo, ambamo mna ufisadi” (Efe 5:18). Lakini wewe umeshajijua, na uliyoahidi uliyaahidi kwa Mungu. Usikubali mtu akufungulie mjadala wa Kana wakati kikombe kimeshafika mkononi mwako.

Ndiyo, uongo ule ni dhambi, hata kama ulikusudia jambo jema. Msome Petro katika Luka 22. Usiku ule hakutishwa na askari mwenye upanga. Watu waliwasha moto uani, “naye Petro akaketi kati yao”, kijakazi akamtazama akasema huyu naye alikuwa pamoja naye. Kwa neno hilo tu Petro akakana, na aliyekana mara ya kwanza akakana hadi ya tatu. Ndivyo ilivyo na dozi yako. Dozi ya malaria ni ya siku chache, nao wanajua. Wiki ijayo utatafuta ugonjwa mwingine, na hakuna hata mmoja pale atakayekuwa amesikia kwamba unamfuata Kristo.

Nakuonea huruma, kwa sababu najua kikombe kile kinavyozunguka: ni kimoja kwa wote, anayekuruka anakuaibisha, unayekirudisha umemkataa aliyekupa. Kwa hiyo usingoje kifike kwako. Danieli “aliazimu moyoni mwake” kabla ya kukaa kwenye chakula cha mfalme (Dan 1:8), kisha akamwendea msimamizi kwa adabu, akaomba wajaribiwe siku 10. Hakutukana meza ya mtu. Nawe mtafute mchana yule unayemwamini zaidi katika kundi, mkiwa wawili, umwambie: “Ndugu yangu, pombe nimeiacha kwa ajili ya Mungu, naomba unisaidie.” Usimhubirie. Mara nyingi huyo mmoja akishakuelewa, ndiye atakayewanyamazisha wengine.

Tena jiulize: kijiweni kwenu bila shaka wamo vijana wa Kiislamu. Ramadhani ikifika, nani anayewashika mkono wale mchana? Kwetu Kusini mtu aliyefunga anaheshimiwa, kwa sababu haoni haya kusema amefunga. Nawe una haki ya heshima hiyo hiyo, ila wape nafasi ya kukupa.

Kuachana nao kabisa sikushauri. Askofu Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Kianglikana wa Masasi kuanzia 1926, hakuwaamuru Wakristo wasusie jando wakajitenga na jamaa zao. Mambo yaliyopingana na Injili yaliondolewa, sala zikaingia, na vijana wakabaki watoto wa nyumbani kwao. Kwa hiyo nenda nao shambani, uwanjani, misibani. Lakini jioni ya siku ya malipo, uraka ukishatoka, aga mapema uondoke. Fedha yako nayo ikabidhi kwa mama kabla hujapita kijiweni.

Watakaokucheka watakuwepo. Waraka wa kwanza wa Petro unasema wazi: “huona kuwa ni ajabu ya ninyi kutokwenda mbio pamoja nao” (1 Pet 4:4). Tazama ni jina la nani liko juu ya waraka huo. Aliyeshindwa kumjibu kijakazi ndiye anayekutia moyo leo, kwa sababu Bwana alimrudia na kumkabidhi kondoo wake.

Uongo ule uungame, mwone padre wa parokia yako kabla ya Jumapili. Na ikitokea siku umeteleza ukanywa, usisubiri msimu wa korosho uishe ndipo urudi kanisani. Njoo kesho yake.