Majogoo 20, yai hakuna, na sasa anataka mbuzi

Shangazi, asalaam aleikum. Tumepanga Ntinda, hapa Kampala, nyumba yenye kiuga kidogo. Mume wangu, mtu wa ofisini, alirudi na boksi la vifaranga 24 kutoka paki ya teksi, kaambiwa wote ni wa mayai. Tukawalea stoo chini ya balbu. Usiku yaka, yaani umeme wa kulipia kabla, ikiisha, tunawahamishia chumbani kwetu na jiko la mkaa. Sasa ni miezi mitano: matetea wanne, majogoo 20, na wanaanza kuwika saa kumi alfajiri. Jirani haitikii salamu. Nikicheka, mume ananuna. Juzi kasema atanunua mbuzi. Nifanyeje? — Mke wa Mfugaji

Waalaikum salaam, mwanangu. Nilikuwa nacheka mpaka nilipofika kwenye jiko la mkaa. Msirudie! Chumba kikiwa kimefungwa, moshi wake usioonekana unaua watu usingizini. Umeme ukikatika, jazeni chupa maji ya moto, zifungeni nguo, ziwekeni ndani ya boksi la vifaranga.

Mumeo kauziwa wasiotakiwa. Vifaranga wa mayai wakianguliwa, karibu nusu ni madume, na dume wa mbegu hiyo hata nyama anachelewa kuweka. Ndiyo maana huuzwa bei ya kutupa, na wajanja wakawapitisha kama matetea. Mngewatambua mapema: wiki ya sita hivi, upanga wa jogoo huwa umeshakua na kuiva wekundu, wa tetea bado mdogo, umepauka.

Sasa wauzeni. Kuku mkubwa wa aina hiyo hula gramu 100 hadi 120 kwa siku, kwa hiyo hao 20 wanakula kilo mbili na ushee kila siku na kuwalipa kelele. Msingoje sikukuu bei ipande, pumba itakuwa imeshakula faida yote. Jirani mpelekeeni mmoja, aliyechinjwa na kunyonyolewa. Akiwa hai ni uchokozi.

Matetea wabaki. Kutaga huanza wiki ya 18 hadi 20, na hawahitaji jogoo kwa hilo. Wabadilishieni tu chakula, wapate kile cha kuku wanaotaga.

Kuhusu kununa, hapo nipo upande wake kidogo. Mwanamume aliyekesha akipepea jiko kwa ajili ya vifaranga hakuwa anafanya mzaha. Cheka, lakini si mbele ya shemeji zako. Halafu mwulize kwa upole pesa za pumba zilitoka fungu gani, maana barua yako imeliruka hilo, nami nimeliona.

Mbuzi? Najua atakwambia atakula maganda ya matoke, bure. Mbuzi hapendi upweke, atalia mchana kutwa mpaka mumnunulie mwenzake. Tena sheria ndogo za Kampala za mwaka 2006 zinamtaka mfugaji awe na kibali, na nyumba si yenu. Aende mwenyewe akaombe kibali, kisha amkabili mwenye nyumba. Wewe usimkataze.

Ila kama kianzio cha mbuzi kimeshalipwa, niandikie upesi.