Kikokotoo Hakitakusaidia: Kwa Wanaoanza Hisabati Diskriti Chuoni

Wengi wanaoingia mwaka wa kwanza wa sayansi ya kompyuta wametoka kidato cha sita wakiwa na mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) au EGM (uchumi, jiografia na hisabati), nao hudhani kwamba hisabati diskriti ni mwendelezo wa yale waliyoyaacha shuleni. Mimi nilidhani hivyo hivyo. Nilikuwa mtu wa kukesha na maswali ya kalkulasi kwa raha zangu, na katika wiki za kwanza za somo hili nilihudhuria mihadhara nikiwa nimeegemea kiti, kwa sababu kila kilichoandikwa ubaoni kilionekana chepesi: seti, kauli za kweli na za uongo, namba shufwa na namba witiri. Jaribio la kwanza lilipokuja nilipata alama 9 kati ya 30, na mwisho wa muhula nikaandikiwa sapu, yaani mtihani wa marudio. Ninayoyaeleza hapa niliyajua wakati nikijiandaa kurudia mtihani huo, na mengine nimeyaona baadaye, nikiwasaidia wadogo zangu katika semina za somo hilo hilo.

Tuanze na jina, maana hakuna aliyenieleza. Hisabati mliyoizoea hushughulika zaidi na vitu vinavyotiririka, kama mwendo wa gari au maji yanayojaa tangini, ambavyo kati ya kipimo kimoja na kingine daima kuna kipimo cha tatu. Hisabati diskriti hushughulika na vitu vinavyohesabika kimoja kimoja, kama kete 64 za bao la Kiswahili katika mashimo yake 32: kete imo shimoni au haimo, na nusu kete haipo. Kompyuta nayo ina tabia ya kete, kwa kuwa kila inachokihifadhi hukigeuza kuwa sifuri na moja, na ndiyo maana somo hili huwekwa mwanzoni, kabla ya kanzidata, algorithimu na usalama wa mitandao.

Kilichoniangusha ni aina ya jibu linalotakiwa. Kule shuleni swali huagiza "tafuta" au "kokotoa", nawe unamaliza unapoifikia namba na kuipigia mstari. Huku maswali mengi huagiza "thibitisha" au "onyesha kwamba", jibu limekwisha kutolewa ndani ya swali lenyewe, na kinachodaiwa ni sababu zilizopangwa kwa namna ambayo msomaji asiyekuamini atalazimika kukubali. Katika jaribio lile niliulizwa nithibitishe kwamba jumla ya namba witiri mbili ni namba shufwa. Nikaandika kwamba 3 na 5 ni 8, 7 na 9 ni 16, 11 na 13 ni 24, kwa hiyo ni kweli. Nilipewa sifuri, na nilikwenda ofisini kulalamika nikiwa na hakika kwamba msahihishaji ameniruka.

Hakuwa ameniruka. Mifano mitatu inazungumzia jozi tatu za namba, ilhali swali linazungumzia jozi zote zilizopo, ambazo hazina mwisho. Ukitaka kuona hatari yake, chukua fomula mashuhuri ya n² + n + 41. Weka sifuri mahali pa n, kisha 1, kisha 2, uendelee hivyo hadi 39, na mara zote 40 utapata namba tasa. Mtu wa mifano angekwisha kuapa. Lakini ukiweka 40 unapata 1,681, ambayo ni 41 mara 41. Uthibitisho wa lile swali langu, kumbe, ulikuwa wa mistari miwili: namba witiri ya kwanza ni 2a + 1, ya pili ni 2b + 1, ambapo a na b ni namba kamili, na jumla yake ni 2(a + b + 1), yaani mara mbili ya namba kamili, na hiyo ndiyo maana ya shufwa. Zingatia kwamba herufi ni mbili. Kila mwaka naona wanafunzi wanaoandika 2a + 1 kwa namba zote mbili, na bila kujua wanakuwa wamethibitisha habari za namba moja iliyojumlishwa na yenyewe, jambo ambalo hakuna aliyewauliza.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba nusu ya somo hili ni lugha. Vitabu na mihadhara ni kwa Kiingereza, lakini wengi wetu tunafikiri kwa Kiswahili, na sioni aibu yoyote katika hilo; nawashauri kila kauli muiseme kwanza kwa Kiswahili chenu kabla ya kuigeuza kuwa alama. Mjue tu mahali ambapo Kiswahili cha kila siku kina mitego. Mtu akisema "wanafunzi wote hawakufika", mmoja ataelewa kwamba darasa lilikuwa tupu, na mwingine ataelewa kwamba baadhi walikosekana. Mtaani tunaelewana kwa muktadha na kwa sauti ya msemaji, lakini katika karatasi ya mtihani hayo ni majibu mawili tofauti. Kanusho la "kila mwanafunzi amefika" ni "yupo angalau mwanafunzi mmoja ambaye hajafika", basi, wala si "hakuna aliyefika". Jizoezeni kukanusha kauli namna hiyo kwa kinywa hadi iwe rahisi, kwa sababu maswali ya kuthibitisha kwa kupingana, yaani kuchukulia kanusho la kauli na kuonyesha kwamba linajipinga, huanzia hapo: ukikosea kukanusha, ukurasa mzima unaofuata ni kazi bure.

Mpangilio wa maneno nao unabadilisha maana. "Kwa kila mlango upo ufunguo unaoufungua" ni habari ya kawaida ya hosteli yoyote. "Upo ufunguo unaofungua kila mlango" ni habari ambayo ingewafanya wakazi wote wabadilishe makufuli usiku huo huo. Maneno "kila" na "upo" yamebadilishana nafasi tu, na katika alama tofauti yake ni kutanguliza ∀ (alama ya "kila") au ∃ (alama ya "upo").

Kauli za "ikiwa, basi" huwachanganya watu kwa sababu jedwali la ukweli, lile linaloorodhesha ni lini kauli ni kweli na ni lini ni uongo, linasema kauli ni kweli kila pale sharti lisipotimia, na wengi hulikariri tu bila kuridhika. Fikiria mama aliyemwambia mwanawe, "Ukifaulu nitakununulia simu." Mtoto akifaulu na simu isinunuliwe, mama amevunja ahadi. Mtoto akifeli, mama anaweza kununua simu au asinunue, na kwa vyovyote hakuna atakayemwita mwongo, kwa kuwa hakuahidi lolote kuhusu kufeli. Sisi tunaposikia "ukifaulu" hujazia wenyewe kwamba asipofaulu hapati, lakini hilo halikusemwa, na mantiki haihesabu lisilosemwa.

Mada inayoogopwa kuliko zote ni indaksheni, na wengi huijibu kama dua iliyokaririwa: ni kweli kwa namba ya kwanza, tuchukulie ni kweli kwa k, basi ni kweli kwa k + 1. Mimi sikuielewa kwa mifano ya vitabuni ya kujumlisha namba mfululizo, ambayo aljebra yake huificha hoja. Niliielewa kwa sarafu. Chukua sarafu zetu za Tanzania za shilingi 200 na shilingi 500. Nadai kwamba mwenye sarafu za aina hizo mbili pekee, tena nyingi kadiri apendavyo, anaweza kutoa kiasi chochote cha mamia kamili kuanzia shilingi 400 kwenda juu, bila kudai chenji.

Kiasi cha 400 ni sarafu mbili za 200, na hapo pa kuanzia pamepatikana. Sasa chukulia kwamba umekwisha kukamilisha kiasi fulani kisichopungua 400, sarafu zimo kiganjani, halafu konda anasema nauli imepanda shilingi 100. Ikiwa kiganjani imo walau sarafu moja ya 500, iondoe uweke tatu za 200. Umetoa 500 ukaingiza 600. Ikiwa haimo hata moja ya 500, basi zote ni za 200, na kwa kuwa kiasi hakipungui 400 lazima ziwe mbili au zaidi. Ondoa mbili uweke moja ya 500, yaani umetoa 400 ukaingiza 500. Kwa njia zote mbili kiasi kimepanda kwa 100 kamili. Kutoka 400 unafika 500, kutoka 500 unafika 600, na hakuna mahali ambapo konda anaweza kukukwamisha.

Katika hoja hiyo zipo sehemu mbili za kuangaliwa kwa makini. Ya kwanza ni kwamba 300 haiwezekani kabisa kwa sarafu hizo, kwa hiyo hatua ya mwanzo si pambo, na ukiichagua vibaya unathibitisha uongo. Ya pili ni pale niliposema "umekwisha kukamilisha": hapo ndipo dhana, yaani kile tulichochukulia kuwa kweli, inapotumika, kwa kuwa sikuunda kiasi kipya kutoka hewani, nilibadilisha kile nilichokuwa nacho. Kila uandikapo indaksheni, tafuta mstari ulipoitumia dhana yako na uupigie mstari chini kwa kalamu nyingine. Usipouona, hujathibitisha kitu, hata kama maneno yote ya ile dua yamo.

Katika mada ya kuhesabu, fomula ni chache na makosa ni mengi. Kikundi cha kukopeshana cha watu 12 kinaweza kupata mwenyekiti, katibu na mhazini kwa njia 12 × 11 × 10, yaani 1,320. Kikundi hicho hicho kikichagua kamati ya watu watatu wasio na vyeo, njia ni 220, kwa sababu kila kamati moja ilikuwa imehesabiwa mara sita katika ule mpangilio wa vyeo. Kabla ya kugusa fomula yoyote, jiulize kama vyeo vina maana na kama kitu kinaweza kurudiwa. Kisha lijaribu swali kwa watu wanne badala ya 12, uorodheshe kwa mkono, uone kama fomula uliyoichagua inatoa 24 au 4. Mimi bado nafanya hivyo hadi leo, na sioni haya.

Grafu, yaani michoro ya nukta zilizounganishwa kwa mistari, zitawafurahisha, kwa hiyo sitazikalia sana. Ule mchezo wa utotoni wa kuchora nyumba yenye msalaba ndani bila kunyanyua kalamu wala kurudia mstari ni swali la aina ile ile ambalo mwanahisabati Euler alilijibu mwaka 1736 kuhusu madaraja saba ya mji wa Königsberg: je, mtu anaweza kuyavuka yote, kila moja mara moja tu? Hesabu mistari inayokutana katika kila pembe. Kila upitapo pembe unatumia mistari miwili, wa kuingia na wa kutoka, kwa hiyo pembe yenye idadi witiri lazima iwe mwanzo au mwisho wa safari. Pembe mbili za chini zina mistari mitatu mitatu, na nyingine zote zina idadi shufwa. Ndiyo maana mtoto aanzaye chini anaweza kufaulu, na aanzaye juu ya paa hukwama kila mara.

Kuhusu namna ya kusoma, nitasema mambo ambayo wengine watayapinga. Tumeambiwa tangu shule kwamba kukariri ni kubaya, lakini fasili za somo hili zikaririni neno kwa neno, kwa sababu asiyejua maana kamili ya "kigawanyo" au "uhusiano" hawezi hata kuanza sentensi ya kwanza ya uthibitisho. Madesa yenye majibu ya mitihani iliyopita yana faida ndogo sana hapa, kwani kusoma uthibitisho wa mwenzako kunakupa hisia ya kuelewa ambayo hutoweka mara ukifunika karatasi. Basi ifunike kwa makusudi, uandike wewe, kisha umpe mwenzako wa chumbani akusomee kwa sauti na akusimamishe kila aonapo neno "kwa hiyo", akuulize kwa nini. Kikundi chetu cha sapu kilikuwa na watu wanne, na kazi yetu ilikuwa hiyo tu, jioni baada ya jioni. Tulipatana kwamba anayejibu "inajionyesha wazi" ananunua chai.

Na siku ya mtihani, ukikutana na swali usiloliona njia yake, usiliache wazi. Andika fasili ya kila neno lililomo ndani yake, andika unachochukulia kuwa kweli, andika sentensi unayotakiwa kuifikia mwishoni, kisha acha nafasi ya nusu ukurasa katikati na uhamie swali linalofuata. Mara nyingi utakaporudi, utakuta pengo ni la mistari miwili.