Skrini Nyeusi Kwenye Linux: Usikimbilie Kufuta Diski

Skrini ya kompyuta yenye Linux inapobaki nyeusi mara tu baada ya nembo kuonekana, ushauri unaotolewa haraka zaidi hapa Lubumbashi ni kuweka mfumo upya. Fundi huchomeka flashi, hufuta diski na kuanza moja. Kwa muda mrefu nimekuwa nikitengeneza kompyuta za majirani na za wanafunzi wa chuo kikuu, na ninaupinga ushauri huo kabisa, kwa sababu mara nyingi mfumo wenyewe ni mzima: kilichokwama ni draiva ya kadi ya picha peke yake, na kazi ya kumaliza masomo ambayo mwanafunzi ameiandika kwa miezi bado imo salama ndani ya diski. Kuifuta ni kumharibia mtu mali yake bila sababu. Isitoshe, mfumo mpya utawekwa juu ya kadi ileile, na kilicholeta giza la kwanza kinaweza kuleta la pili.

Draiva ni mkalimani kati ya kerneli, yaani kiini cha mfumo, na kifaa. Kadi nyingi za Intel hutumia draiva iitwayo i915, AMD za zamani hutumia radeon, na AMD mpya zaidi hutumia amdgpu, ambayo iliingizwa kwenye kerneli mwaka 2015. Zote hizo huja pamoja na kerneli, hivyo mtumiaji hana cha kupakua. Nvidia ni habari nyingine. Kuna nouveau, iliyoandikwa kwa kuchunguza jinsi kadi zinavyofanya kazi bila msaada wa mtengenezaji, nayo imo ndani ya kerneli tangu 2010. Na kuna draiva ya Nvidia yenyewe, ambayo huwekwa pembeni na ni lazima ilingane na kerneli unayoitumia. Hapo kwenye kulingana ndipo matatizo mengi ninayoletewa yanapozaliwa.

Mtu anapokuja akisema, "Yaya, mashini imekufa," jambo la kwanza ninalofanya ni kubonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Kwenye baadhi ya laptopu inabidi kuongeza Fn. Yakitokea maandishi meupe yanayoomba jina na neno la siri, mashini haikufa: ingia, na utakuwa na amri zote mkononi hata bila picha. Kabla ya kuilaumu draiva, andika `df -h` uangalie nafasi ya diski. Mfumo unapokubali neno la siri, skrini ikapepesa na kukurudisha palepale pa kuingilia, mara nyingi diski imejaa, na amri `sudo apt clean`, inayofuta nakala za vifurushi zilizopakuliwa na kubaki kwenye diski, huweza kutosha kuufungua mlango. Nimeona laptopu zilizobadilishiwa draiva mara kadhaa kwa ajili ya diski iliyojaa filamu tu.

Kama hata maandishi hayatokei, pitia menyu ya GRUB, programu ndogo inayoiwasha Linux. Washa kompyuta na, nembo ya mtengenezaji inapotoweka, bonyeza Esc mara moja. Kwenye mashini za zamani shikilia Shift. Uchague mstari wa kwanza bila kuufungua, ubonyeze herufi e, kisha utafute mstari unaoanza na neno `linux` na ambao kwa kawaida huishia na `quiet splash`. Mwishoni mwake acha nafasi, uongeze `nomodeset`. Hapa watu wengi wa kwetu hukwama bila kujua kwa nini. Kibodi zetu nyingi ni za AZERTY, lakini GRUB kwa kawaida huzisoma kama kibodi za Kimarekani. Ukibonyeza herufi m ilipo, kulia kwa l, kinachoandikwa ni nukta-mkato, na neno hilo halifanyi kazi. Ili kupata m, bonyeza kitufe cha mkato kilicho kulia kwa n. Herufi nyingine za neno hilo zipo mahali pake. Soma ulichoandika, kisha ubonyeze F10.

Neno hilo huiambia kerneli isiziruhusu draiva za picha kushika skrini, bali itumie picha ya msingi inayotolewa na mashini yenyewe. Picha itakuwa na ukubwa usiofaa, video zitakatakata, na huenda mwanga wa skrini usirekebishike, lakini utaona. Badiliko hilo hufutika ukiwasha upya, na hivyo ndivyo inavyofaa. Nimekuta mashini ambazo `nomodeset` imeandikwa kwenye faili la `/etc/default/grub` na kuachwa humo, na mwenyewe akaishi na kompyuta nzito kwa miaka akidhani Linux ndivyo ilivyo. Hiyo ni njia ya kuingilia nyumbani ili utengeneze, siyo matengenezo.

Ukishaingia, usipakue chochote bado. Mega zinauzwa ghali, na draiva ya Nvidia pamoja na vifurushi vyake hula mamia ya megabaiti. Iulize kwanza mashini:

`lspci -k | grep -EA3 'VGA|3D'`

Jibu litakupa jina la kadi, na laptopu nyingi za mitumba zina mbili, Intel na Nvidia. Mstari wa `Kernel driver in use` hutaja draiva inayofanya kazi sasa. Ukiwa umeingia kwa `nomodeset`, mstari huo unaweza kukosekana, na hilo lisikutishe. Tazama `Kernel modules`, ambao hutaja draiva zinazoweza kutumika. Kisha soma kumbukumbu ya uwashaji uliokwama:

`journalctl -k -b -1`

Namba 1 inamaanisha uwashaji uliotangulia huu. Kama umewasha mara mbili tangu tatizo litokee, andika 2. Tafuta mistari yenye i915, amdgpu, nouveau au nvidia. Ikilalamika kwamba faili la firmware, yaani programu ndogo inayopakiwa ndani ya kadi yenyewe, halikupatikana, kadi ni nzima na draiva ni nzima. Kinachokosekana ni faili hilo tu. Kwenye Ubuntu kwa kawaida limo katika kifurushi cha `linux-firmware`. Kwenye Debian, mafaili hayo yalikuwa hayamo katika kisakinishi cha kawaida hadi toleo la 12 la mwaka 2023, ndiyo maana Debian za zamani zilizowekwa kwenye mashini za AMD huonyesha shida hii.

Kwa Nvidia, umri wa kadi ndio unaoamua kila kitu. Kadi za GeForce 400 na 500 huhudumiwa na tawi la 390 la draiva, ambalo mtengenezaji aliacha kulihudumia mwishoni mwa 2022. Nyingi za GeForce 600 na 700 huishia kwenye tawi la 470. Ukiilazimisha kadi ya zamani ipokee draiva mpya, haitatambuliwa kabisa, na ukiweka draiva ya zamani juu ya kerneli mpya, huenda isijengeke. Kwenye Ubuntu, amri `ubuntu-drivers devices` huonyesha draiva zinazoifaa kadi yako na ile inayopendekezwa, ifuate. Kwa laptopu ya zamani inayotumika kuandika, kusoma na kutazama filamu, mimi huchagua nouveau, au huiacha Intel ifanye kazi yote. Nataka kila anayesoma hapa aache kuchukua faili la kusakinisha kutoka tovuti ya Nvidia moja kwa moja, kwa sababu mfumo wa vifurushi haulijui: kerneli ikisasishwa, draiva inaweza kubaki nyuma, na giza hurudi. Ikiwa umeshachanganya matoleo ya vifurushi, safisha yote kwa `sudo apt purge '^nvidia-.*'`, uwashe upya, na uanze na moja tu.

Sababu ninayokutana nayo zaidi katika mji huu, hata hivyo, si kadi. Ni umeme kukatika katikati ya usasishaji, hasa kwenye laptopu za mitumba ambazo betri zake zimechoka. Mfumo hufungua kerneli mpya, hujenga moduli ya draiva kwa ajili yake kupitia DKMS, chombo kinachojenga upya draiva kila kerneli mpya inapokuja, kisha hutengeneza faili la kuwashia. Umeme ukienda kabla ya hatua ya pili kumalizika, unaweza kubaki na kerneli mpya isiyo na draiva, ambayo ndiyo huchaguliwa ya kwanza ukiwasha. Ubuntu kwa kawaida hubakiza kerneli iliyotangulia, nayo ingali nzima. Rudi GRUB, ufungue `Options avancées pour Ubuntu`, uchague kerneli ya namba ya chini zaidi isiyo na maneno ya matengenezo pembeni yake. Picha ikirudi, umeshapata jibu la tatizo, na kinachobaki ni kumalizia kazi iliyokatizwa:

`sudo dpkg --configure -a`
`sudo apt --fix-broken install`
`dkms status`
`sudo update-initramfs -u -k all`

Amri ya tatu inapaswa kuonyesha nvidia ikiwa imesakinishwa kwa kila kerneli iliyopo, kama draiva yako hujengwa na DKMS. Kerneli mpya isipotajwa, mara nyingi vichwa vyake (headers), mafaili yanayohitajika ili kujenga moduli, havikupakuliwa, na `sudo apt install linux-headers-generic` huweza kuvileta. Kama kuna sehemu moja tu ya makala hii utakayoinakili kwenye daftari, nakili hii.

Kuna pia ulinzi wa Secure Boot, ambao hukataa moduli isiyotiwa saini. Angalia kwa `mokutil --sb-state`. Ukiweka draiva ya Nvidia, mfumo unaweza kukuomba uunde neno la siri, na ukiwasha upya huja skrini ya bluu ambayo wengi huipita haraka bila kuchagua `Enroll MOK`, yaani kuandikisha ufunguo wa saini. Baada ya hapo draiva hukataliwa kimyakimya. Ukiamuru `sudo modprobe nvidia` na kujibiwa `Key was rejected by service`, ndiyo sababu. Rudia kwa `sudo update-secureboot-policy --enroll-key`, na uchague neno la siri lisilo na a, q, z, w, m wala tarakimu, kwa kuwa skrini ile nayo husoma kibodi kwa mpangilio wa Kimarekani.

Picha ikiwaka lakini kila kitu ni kizito, sakinisha `mesa-utils` uandike `glxinfo -B`. Ukiona neno llvmpipe, kadi haifanyi kazi. Prosesa ndiyo inayochora.

Usasishaji wenyewe, uugawe mara mbili. Usiku au saa yoyote mega zinapokuwa nafuu, amuru `sudo apt update`, kisha `sudo apt full-upgrade --download-only`. Vifurushi huhifadhiwa tu katika `/var/cache/apt/archives`, na umeme ukikatika hapo hakuna kinachoharibika. Betri ikijaa na umeme ukiwepo, amuru `sudo apt full-upgrade`, na kazi itamalizika bila kugusa intaneti. Kabla ya amri hiyo ya mwisho, kwa kuwa `apt` huyafuta ikimaliza kusakinisha, jirani mwenye toleo lilelile la Ubuntu anaweza kunakili mafaili hayo kwa flashi katika folda yake ileile, na mega zake zikabaki kwa mambo mengine.