Usipake minoksidili usiku ule ule uliotoboa kichwa kwa rola

Mtoa mada, usipake. Umeandika kwamba umenunua rola ya sindano za milimita 1.5, kwamba leo usiku utaipitisha utosini na kupaka papo hapo minoksidili ya asilimia 5, ile dawa ya kuotesha nywele, vitundu vikiwa bado wazi, ili dawa izame vizuri. Kisha umeuliza kuhusu urefu wa sindano, mara ngapi kwa wiki, kama rola inaishinda kalamu ya umeme ya kutobolea ngozi, na kama wewe na mkeo mnaweza kutumia moja. Swali ambalo hukuuliza, la lini upake dawa baada ya kutoboa, kwa kuwa umelichukulia kama jambo lililokwisha kuamuliwa, ndilo lililonikosesha dawa hii kwa maisha yangu yote, na ndiyo maana naanza nalo.

Nilikuwa nimeitumia minoksidili ya maji kwa miaka miwili, mililita moja asubuhi na mililita moja usiku, bila kuwashwa hata kidogo. Ilikuwa inanisaidia. Nywele za utosini zilikuwa zimeacha kupungua na zile za mbele zimeanza kurudi, nyembamba lakini zinaonekana. Tatizo langu lilikuwa pupa. Nilitazama video za muuzaji mmoja wa rola aliyekuwa akifundisha kwa sauti ya mtu mwenye uhakika wote kwamba baada ya kutoboa una dakika kumi tu kabla vitundu havijajifunga, na kwamba ukisikia dawa inachoma ujue inaingia.

Basi nikafanya kama alivyosema. Nilipitisha rola mbele, nyuma na kwa mshazari, mpaka ngozi ikawa nyekundu na vitone vya damu vidogo kama vichwa vya pini vikajitokeza utosini. Nikajaza kitonea mpaka kwenye alama ya mililita moja, nikamimina. Ilichoma kama ndimu kwenye mchubuko, nami nikafurahi, kwa kuwa nilikuwa nimeshaambiwa maana ya kuchoma huko. Tena nikavaa kofia ya nailoni ya kuogea ili dawa isikauke, jambo ambalo nalo nilifundishwa na yule yule.

Haikupita nusu saa moyo ulianza kwenda mbio. Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda, sifanyi lolote, na nilikuwa nikiyasikia mapigo yangu masikioni. Nilihesabu kwa saa ya mkononi nikapata 118 kwa dakika. Niliposimama kwenda kunywa maji macho yaliingia giza, nikaushika mlango, nikateremka taratibu mpaka sakafuni, na pale chini ndipo nilipoitoa ile kofia. Niliinuliwa, nikaoshwa kichwa, nikapelekwa hospitali, ambako walipima presha wakaikuta imeshuka, wakapima moyo, wakanilaza kwa uangalizi hadi asubuhi. Daktari wa zamu alipoisoma chupa aliniuliza kama najua dawa ile ilitengenezwa kwa ajili ya nini. Sikujua.

Minoksidili ilianza kama kidonge cha kushusha presha. Marekani ilikiruhusu mwaka 1979, na kwa kuwa wagonjwa waliokimeza waliota nywele mahali wasipotaka, ndipo ikatengenezwa ya kupaka, iliyoruhusiwa huko mwaka 1988. Sasa fanya hesabu ambayo mimi nilifanyiwa nikiwa kitandani. Mililita moja ya dawa ya asilimia 5 ina miligramu 50. Ngozi ya kichwa iliyo nzima hupitisha hadi kwenye damu wastani wa asilimia 1.4 tu ya dawa inayopakwa, yaani chini ya miligramu moja. Mgonjwa wa presha anayeanza vidonge huanzishiwa miligramu 5 kwa siku, tena chini ya uangalizi wa daktari. Kwa hiyo kila unapojaza kitonea unashika mkononi mara kumi ya kipimo hicho, na kinachoizuia isiingie mwilini ni tabaka la juu kabisa la ngozi, tabaka la seli zilizokufa lenye unene wa mikromita 10 hadi 20 tu. Sindano yako ya milimita 1.5 ni mikromita 1,500. Kipimo kilichoandikwa kwenye chupa kilipangwa kwa kutegemea kwamba tabaka hilo lipo na ni zima, na ukishalitoboa, kipimo hicho hakikuhusu tena.

Hata hivyo, si moyo ulionigharimu zaidi. Kufikia alfajiri mapigo yalikuwa yameshatulia, nikaruhusiwa, nikadhani yamekwisha. Nilipumzisha kichwa kwa wiki mbili, kisha nikarudia dawa kama zamani, bila rola, mililita moja usiku. Siku ya pili niliamka foronya imeshikamana na kichwa. Ngozi ilikuwa inatoa majimaji ya manjano, upele umeshuka hadi kwenye paji la uso na nyuma ya masikio, na kope zimevimba kiasi kwamba jicho la kushoto lilifunguka kwa shida. Niliacha, nikapona, nikajaribu tena, yakawa yale yale, safari hii kwa kasi zaidi.

Daktari wa ngozi alinifanyia kipimo cha mzio cha kubandika vipande mgongoni: unakaa navyo siku mbili, vinatolewa, kisha ngozi inasomwa siku hiyo na tena siku chache baadaye. Sehemu mbili zilikuwa zimevimba na kuwa nyekundu, ya propilini glikoli, ambayo ni kiyeyushio kilichomo kwenye dawa ya maji, na ya minoksidili yenyewe. Ingekuwa propilini glikoli peke yake ningehamia dawa ya povu, ambayo haina kiyeyushio hicho. Lakini ni vyote viwili. Alinieleza kwamba ndani ya ngozi kuna seli za kinga zinazokaa kama walinzi, na kwamba kitu kinachopakwa juu ya ngozi nzima huwafikia kwa kiasi kidogo sana, lakini nilipokimimina ndani ya mamia ya vidonda vidogo vilivyokuwa vimekwisha kuuamsha mwili kwa jeraha, niliufundisha mwili kukiona kitu hicho kuwa adui. Mwili ukishafundishwa hivyo, kwa kawaida hausahau. Dawa iliyokuwa ikinifaa kwa miaka miwili niliiharibu kwa usiku mmoja, na nywele zile za mbele zimeshaondoka.

Wala hili si langu peke yangu. Mwaka 2014 madaktari wa Marekani waliripoti habari za wanawake watatu waliopata vinundu sugu usoni baada ya kutobolewa kwa sindano ndogo, na wawili kati yao walikuwa na mzio wa seramu ya vitamini C waliyopakwa wakati huo. Seramu hiyo hiyo juu ya ngozi nzima watu huipaka kila asubuhi.

Yule muuzaji sijamsamehe, na sitaki uniambie kwamba labda hakujua. Alichokisema kuhusu dakika kumi si kweli: ngozi ikiachwa wazi vitundu huchukua saa kadhaa kujifunga, na ikifunikwa, kama kwa ile kofia ya nailoni, huweza kubaki wazi hata siku mbili au tatu. Kinachonikera zaidi ni kwamba wauzaji hawa wote huunukuu utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2013, wa wanaume 100 waliofuatiliwa kwa wiki 12, ambamo waliotumia rola ya milimita 1.5 mara moja kwa wiki pamoja na minoksidili waliongeza wastani wa nywele 91 katika eneo lililohesabiwa, huku waliotumia minoksidili peke yake wakiongeza 22. Takwimu hiyo wameikariri. Wasichokitaja ni kwamba katika utafiti huo washiriki waliambiwa wasipake dawa siku ya kutoboa, wairudie baada ya saa 24. Yaani matokeo wanayoyatumia kuuzia rola yalipatikana kwa kuacha kufanya kile wanachokufundisha ukifanye.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii, na ndiyo pekee ninayoomba uishike: toboa leo, paka kesho. Najua utasema kwamba lengo lote la kutoboa ni kuipenyeza dawa. Kwa dawa hii, sivyo. Wanaotafiti vifaa vya kuandaa ngozi, iwe sindano ndogo, leza, mawimbi ya altrasaundi au mkondo mdogo wa umeme, hasa wanatafuta njia ya kupitisha molekuli zilizo kubwa mno kwa ngozi, na mpaka unaotajwa sana ni daltoni 500 (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli). Insulini ina takriban 5,800, ndiyo maana wanaihangaikia. Minoksidili ina 209 tu. Inapita yenyewe, taratibu, kwa kiasi kilichokusudiwa. Faida ya rola kichwani inadhaniwa kutokana na jeraha lenyewe, ambalo huuchochea mwili kutoa kemikali za uponyaji na ukuaji, na faida hiyo haipotei kwa kusubiri siku moja.

Na usidhani ni minoksidili tu. Umegusia kwamba ukiumia utapaka krimu ya ganzi. Mwaka 2007 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya wanawake wawili vijana kufariki kwa kupaka krimu ya ganzi miguuni na kuifunika kwa nailoni kabla ya kuondolewa nywele kwa leza. Ngozi yao ilikuwa haijatobolewa. Ikiwa ni lazima utumie lidokaini, yaani dawa ya ganzi, ipakwe kabla, eneo dogo, ifutwe na kuoshwa yote, ndipo rola iguse kichwa.

Kuhusu mara ngapi, mara moja kwa wiki inatosha, na rola isitumiwe na watu wawili hata kama ni mume na mke, kwa sababu inabeba damu.

Ukiwa umeshatoboa unaposoma haya, osha kichwa kwa maji safi, kiache wazi bila kofia wala kitambaa, na chupa irudi kabatini. Ukiwa umeshapaka, osha sasa hivi kwa maji mengi na shampuu isiyo kali, lala chali miguu ikiwa juu ya mto, usikae peke yako, na mapigo yakizidi kwenda mbio, kifua kikibana au macho yakiingia giza, nenda hospitali na chupa mkononi ili waisome wenyewe. Kisha uandike hapa uko katika hali gani, hata kama ni usiku wa manane. Nitakuwa macho.