Mtoto mbishi kupindukia: maswali yenu na majibu

Mwanangu wa miaka 7 anabishia kila neno. Ni utundu au ugonjwa? (Mama, Morogoro)

Kila mtoto hubisha, hasa akiwa na njaa au usingizi. Tunaanza kufikiria ugonjwa dalili zisizopungua 4 zinapodumu miezi 6: hasira za haraka, kubishana na wakubwa, kukaidi kusudi, kuchokoza, kusukumia wengine makosa yake, kinyongo. Kwa umri wake zitokee walau mara moja kwa wiki, na si kwa ndugu zake tu. Kwanza apimwe masikio, maana asiyesikia vizuri huonekana mkaidi. Chunguza pia kama kuna anayemwonea.

Daktari ametaka sisi wazazi ndio tuhudhurie mafunzo. Mbona mgonjwa ni mtoto? (Baba, Nakuru)

Amewaelekeza vyema. Kwa watoto wa miaka 3 hadi 11, tiba yenye ushahidi mzito zaidi ni mafunzo ya wazazi, kwa kawaida vikao 10 hadi 16. Ukaidi hulishwa na mazoea ya nyumbani: unaagiza, anapiga mayowe, unachoka, unamwachia. Hapo amejifunza kwamba mayowe yanalipa.

Anzeni na mchezo, dakika 5 kila siku. Achague yeye. Wewe usiagize, usiulize, usimsahihishe, taja anachofanya, na usifie kitendo chenyewe: “Asante kwa kurudisha vikombe.” Wengi hukosea hapa kwa kumnyima mchezo huo akikorofisha. Usimnyime, ndio unaojenga upya upendo wenu, na bila upendo huo amri hazishiki.

Kisha amri. Msogelee, mtazame, sema jambo moja: “Weka viatu pembeni.” Usiseme “Utaweka viatu lini?” kwa sababu hilo ni swali, naye atalijibu. Hesabu kimyakimya hadi 5. Akitii, msifu papo hapo. Asipotii, onyo moja, halafu akae kitini dakika 3 mahali unapomwona, bila mazungumzo. Akiinuka, amri ni ileile. Ukiisahau, kiti kitakuwa njia ya kukwepa kazi.

Siku ya nne mayowe yamezidi. Tumeshindwa? (Mama, Tanga)

Hapana mama, hapo ndipo pa kushikilia. Kelele zikiacha kulipa, mtoto huzipandisha kabla ya kuziacha. Ukilegea leo, amejua kiwango kipya kinachotakiwa. Kaeni na bibi, shangazi na dada wa kazi mkubaliane, maana mmoja akimtuliza kwa biskuti jikoni, kazi ya wiki nzima inaharibika. Kupuuza ni kwa kelele na manung'uniko tu. Akipiga mtu, mzuie mara moja.

Hakuna vidonge? (Baba, Dodoma)

Kwa ukaidi wenyewe, hapana. Ila kama ana pia tatizo la kutotulia na kukosa umakini, dawa kama methilfenideti husaidia, na mara nyingi ubishi hupungua nao. Risperidoni ni kwa ukali wa kujeruhi watu, chini ya daktari bingwa, kwa muda mfupi, na mtoto apimwe uzito mara kwa mara kwani hunenepesha.

Zamani fimbo ilitosha. Siku hizi mnatufundisha nini? (Babu, Kilifi)

Shikamoo babu. Fimbo husimamisha kitendo saa ileile, ndiyo maana inaaminika. Lakini anayechapwa mara kwa mara huelekea kuwa mkali zaidi na hodari wa kuficha, na akifika miaka 13 hutamweza. Kambi za kutisha vijana nazo hatuzipendekezi: wakorofi wakikusanywa hufundishana. Kwa waliobalehe, tafuteni tiba inayoshughulikia familia, shule na marafiki kwa pamoja.

Nina mwanafunzi wa namna hii darasani. Nianzie wapi? (Mwalimu, Bagamoyo)

Mpe kadi ya siku yenye mambo 2 tu, mfano “nimeanza kazi nilipoambiwa” na “nimenyoosha mkono”. Weka alama kila kipindi, na mzazi amtuze jioni ileile. Kama sasa anapata alama 4 kati ya 10, lengo la kwanza liwe 5, lisiwe 9, ili aonje ushindi wiki hiihii.