Kabla hujang'oa gego, ulizia kofia

Hapa Tanga ukisema jino linakusumbua, ushauri wa kwanza utakaoupata nyumbani ni huu: "Kaling'oe, upumzike." Wanaosema hivyo wanakutakia heri. Ila gego likishatoka ndiyo limetoka. Meno ya jirani huanza kulalia pengo, na lile la juu lililokuwa likikutana nalo hushuka polepole kwa kukosa la kukutana nalo. Gego langu la chini, upande wa kushoto, lilitibiwa mzizi, likavikwa kofia, na mpaka leo ndilo linalonitafunia muhogo. Namwandikia yule ambaye sasa hivi ana shavu limevimba na hajui ashike lipi.

Kofia, au krauni kama madaktari wanavyoiita, ni ganda gumu linalofunika sehemu yote ya jino iliyo juu ya fizi. Kuziba ni kujaza tundu tu. Kofia inalizunguka jino zima na kulishika lisipasuke. Huwekwa kwenye jino lililobaki kuta nyembamba, lililomeguka pande kubwa, au lililotibiwa mzizi, hasa likiwa gego.

Na hapo kwenye mzizi ndipo wengi wanapokwama. Dokta anatoboa jino juu, anatoa kiini kilichooza, anasafisha mifereji ya mizizi, anaijaza, anaziba. Maumivu yanakwisha kabisa. Sasa mtu akishapona maumivu, nani tena atamkumbusha kurudi? Anasema kofia ataweka hela ikipatikana. Kumbe lile gego limetobolewa katikati, kuta zimepungua, na kazi ya kusaga iko palepale. Shangazi yangu wa Ngamiani alikaa hivyo, hana habari, mpaka siku aliyokutana na kijiwe kwenye wali. Jino lilipasuka wima hadi ndani ya mzizi. Ufa wa namna hiyo hauzibiki, likang'olewa, na hela yote ya kutibu mzizi ikapotea nalo. Ndiyo maana nasema, gharama ya kofia iulizwe kabla mzizi haujaguswa. Muulize dokta bei ya safari nzima: picha ya eksirei, mzizi, kujenga upya sehemu iliyomeguka, kofia ya muda na kofia yenyewe. Muulize na mtu wa bima, maana kadi inayolipia kung'oa si lazima ilipie kofia. Ukijua jumla mapema unaweza kupanga ulipe kwa awamu.

Pa kuanzia hapa mjini ni Bombo, hospitali yetu ya rufaa ya mkoa, au kliniki yenye daktari wa meno aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Kuuliza usajili wake ni haki yako wala si ufidhuli. Wako watu wanaobandika plastiki juu ya jino bila kulisafisha wala kupiga picha, kwa bei ya kutamanisha. Chini ya plastiki ile jino linaendelea kuoza gizani, na fizi inavimba kwa kuwa ukingo wake hausafishiki. Ndugu yangu, usimpe mtu wa namna hiyo kinywa chako.

Kazi yenyewe haitishi. Unachomwa ganzi, kisha jino linasagwa pande zote, milimita moja hadi mbili hivi, kofia ipate nafasi ya kukaa. Unasikia mlio na maji mengi, basi. Baadaye unang'ata kitrei chenye dawa laini inayoganda na kuchukua umbo la meno yako. Umbo langu lilipelekwa maabara Dar es Salaam, na wakati nikisubiri nikavaa kofia ya muda. Hii ya muda hushikizwa kwa gundi dhaifu makusudi, itoke kwa urahisi siku ya kazi, kwa hiyo inataka adabu: tafunia upande wa pili, achana na ubuyu wa kumung'unya na chochote kinachonata, na ukipitisha uzi wa meno uvute utokee pembeni. Ukiunyanyua juu utaondoka na kofia.

Siku ya kuvika kofia yenyewe, kuna jambo moja ambalo watu huliharakisha, nami naomba usiliharakishe. Dokta anakupa karatasi nyembamba ya buluu, unang'ata, unasaga meno kidogo. Kwangu ilibaki alama moja nzito nyuma ya kofia, meno mengine hayakupata hata doa. Maana yake kofia ilikuwa imepanda, na mzigo wote wa taya ulikuwa unaiangukia yenyewe. Akasaga kidogo, nikang'ata tena, akasaga, mpaka alama zikalingana na za majirani. Kama bado una ganzi, hisia zako zinakudanganya. Ukifika nyumbani, ganzi ikaisha, ukaona kofia ndiyo inayotangulia kugusa, rudi. Marekebisho yake ni ya dakika chache. Ukivumilia, jino litaanza kuuma kila unapotafuna, na kofia inaweza kupasuka.

Kuhusu aina, mimi nina msimamo. Kwa gego la nyuma nachagua kofia ya chuma au ya zirikonia, yaani kauri nyeupe iliyo ngumu sana, kwa sababu zinahimili nguvu ya kusaga. Ile ya kauri iliyofunikwa juu ya chuma inapendeza na wengi wanayo, lakini kauri yake ya juu huweza kumeguka, na miaka ikienda fizi ikishuka kidogo unaona mstari mweusi ukingoni. Meno ya mbele yanataka kauri nzuri, na rangi ichaguliwe kwenye mwanga wa jua, maana ukishavikwa haibadiliki. Dawa za kung'arisha meno hazifanyi lolote kwenye kauri. Dhahabu wazee wetu wa pwani waliipenda kwa urembo, na kwa gego ni madini mazuri kweli, tatizo ni bei.

Urembo wenyewe niuseme kidogo, kwa sababu unaniuma. Wadogo zangu wanasagiwa meno mazima ya mbele ili yapate weupe wa kwenye simu. Jino likishasagwa halioti tena lilivyokuwa. Litahitaji kofia maisha yote, na kofia haidumu maisha yote: iliyotunzwa vizuri huweza kukaa miaka 10 hadi 15, nyingine zaidi, kisha hubadilishwa. Binti wa miaka 20 ajue anaingia kwenye matengenezo ya mara ngapi.

Sasa matunzo. Kofia haiozi, linalooza ni jino lililo chini yake, na uozo huingilia pale ukingo wa kofia unapokutana na fizi. Sehemu hiyo ndiyo ya kuilinda. Piga mswaki laini mara mbili kwa siku, dakika mbili, ukiuinamisha kuelekea fizi. Dawa iwe na floraidi. Soma ubavuni mwa tyubu, kiwango cha kati ya sehemu 1,000 na 1,500 kwa milioni (huandikwa ppm) kinamtosha mtu mzima. Tema povu, usisukutue kwa maji mengi, floraidi ibaki ikifanya kazi. Kila usiku pitisha uzi kati ya kofia na jirani zake, maana nyuzi za mswaki hazifiki pale. Mswaki wa mti sijauacha, lakini nautumia pamoja na uzi na dawa, na ncha naichambua mpaka ilainike ili isichubue fizi.

Machungwa ya Muheza na embe mbichi ya pilipili kula, ila subiri kama nusu saa kabla ya kupiga mswaki, kwa sababu asidi imelainisha meno mengine. Mchele na maharage yachaguliwe vizuri. Mfungo wa Ramadhani ukifika, toa kokwa ya tende kwa vidole kabla hujaitia mdomoni. Soda ifunguliwe kwa kifungulio, na barafu isitafunwe. Ukiambiwa na mwenzio kwamba usiku unasaga meno, mwambie dokta, akutengenezee kinga ya kuvaa ukilala.

Ikitokea kofia imechomoka, iokote, ioshe, ihifadhi kwenye kikopo, umwone dokta siku hizo hizo. Usiigandishe kwa gundi ya dukani: inaunguza fizi, na ikikaa vibaya inamharibia dokta nafasi ya kuirudisha. Kama haijavunjika na jino chini ni zima, mara nyingi huirudisha ileile. Mpaka umfikie, tafunia upande mwingine na usiache kulipiga mswaki lile jino lililobaki wazi, hata kama linasisimka.